Mlango, Pikipiki na Dipoziti: Somo la Kujikinga na Wezi na Matapeli Mitaani



Somo hili limeandikwa lisomwe nyumbani, katika kikao cha Nyumba Kumi, kwenye chama cha akina mama, au kijiweni pale waendeshaji bodaboda wanapongoja abiria. Linahusu hasara tatu zinazowapata watu wa kawaida: nyumba kuvunjwa, pikipiki au gari kuibwa, na pesa za kodi kuliwa na tapeli.

Thamani ya kilichopotea ni sehemu tu ya hasara. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo akiibiwa hubaki na deni la chombo asichokuwa nacho. Mzazi wa Ganze aliyeuza mbuzi ili mwanawe apate chumba karibu na Chuo Kikuu cha Pwani hana mbuzi wa pili wa kuuza dipoziti ikiliwa. Ndiyo maana tunasema tahadhari kabla ya hatari.

Ukimaliza somo hili utaweza:

- kuikagua nyumba yako na kujua mwizi angepitia wapi;
- kulinda pikipiki au gari, na kuepuka kununua cha wizi;
- kumtambua tapeli wa nyumba za kupanga kabla hujatuma pesa;
- kujua la kufanya, na lisilofaa kufanywa, wizi ukitokea.

KAZI YA NANI?

Watu wengi huuliza kwa nini kaunti haileti polisi zaidi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma ya polisi iko chini ya serikali ya kitaifa. Taa za barabarani na barabara za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo taa ya mtaani kwenu ikizimika, peleka taarifa kwa msimamizi wa wadi, na utaje mahali hasa ilipo: "nguzo ya tatu kutoka msikitini ukielekea shuleni." Ukivunjiwa nyumba, nenda kituo cha polisi. Pande hizi mbili hukutana katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au afisa aliyemteua.

Lakini taa haifungi mlango, na askari hawezi kulala kwenye kila ua. Kazi ya kwanza inaanzia kwa mwenye nyumba na jirani yake.

SEHEMU YA KWANZA: NYUMBA YAKO

Simama nje ya nyumba yako saa nne asubuhi, wakati watu wameenda kazini, kisha uitazame kama mgeni. Unaona nini?

Kufuli kubwa linaloning'inia nje ya mlango linamwambia kila apitaye kwamba ndani hamna mtu. Taa ya kibarazani inayowaka mchana inasema hayohayo. Nguo zilizoanikwa tangu jana na kulala kambani usiku, vilevile. Ukiweza, tumia kitasa cha ndani ambacho hakionyeshi kama mwenyewe yupo au hayupo. Ukisafiri, mwombe jirani aanue nguo, azime na kuwasha taa, na afagie mbele ya mlango.

Sasa sogea karibu ukague haya, moja baada ya jingine:

1. *Mlango.* Kitasa kizuri kwenye fremu iliyooza hakisaidii. Usukume mlango kwa bega. Ukitikisika, mwite fundi. Tazama pia bawaba. Zikiwa upande wa nje na pini zake zinachomoka, mwizi hana haja ya kugusa kufuli.

2. *Madirisha.* Dirisha lililo karibu na kitasa ni hatari, kwa sababu mtu huvunja kioo, akapenyeza mkono na kufungua kwa ndani. Vyuma vya dirisha vizuie mkono pia, si mwili peke yake. Usiache simu, kipochi au funguo mezani karibu na dirisha lililo wazi usiku, maana kuna wezi wanaovuta vitu kwa kijiti kirefu bila kuingia.

3. *Dari.* Katika ploti nyingi za vyumba vya mstari mmoja chini ya paa moja la mabati, ukuta unaogawa vyumba haufiki juu. Mtu akiingia chumba kilicho wazi hupanda darini na kushukia chumba cha pili. Wapangaji, mwombeni mwenye nyumba ajenge ukuta huo hadi kwenye paa. Wenye nyumba, gharama ya mawe machache ni ndogo kuliko ploti inayokimbiwa na wapangaji.

4. *Funguo.* Chini ya zulia, ndani ya chungu cha maua na juu ya fremu ni mahali ambapo kila mwizi hutazama kwanza. Mwachie ufunguo wa akiba mtu, si mahali. Ukihamia nyumba mpya, badilisha kitasa au kufuli siku ya kwanza. Mpangaji aliyetoka huenda alichonga nakala.

5. *Njia ya kutokea.* Vyuma vinavyomzuia mwizi vinaweza kukuzuia wewe moto ukizuka. Hakikisha dirisha moja au mlango mmoja wa vyuma unafunguka kwa ndani, na kila aliye nyumbani, hata mtoto, anajua ufunguo unakaa wapi.

Jioni ya leo andika orodha ya vitu vyako vya thamani. Andika aina ya televisheni, jokofu au kompyuta, pamoja na nambari iliyo nyuma yake. Kwa simu, bonyeza *#06# na nambari yake ya IMEI itatokea. Ikinakili, kisha hifadhi karatasi hiyo mbali na vitu vyenyewe. Mtu anayeripoti kwamba "nimeibiwa simu nyeusi" ni vigumu kusaidiwa. Aliye na nambari ana ushahidi kwamba simu ni yake.

Jihadhari pia na unachotangaza mwenyewe. Picha ya familia ufukweni Watamu, na maneno "tuko huku hadi Jumapili," husomwa na watu wengi kuliko unavyodhani. Weka picha mkisharudi.

*Jirani ndiye kamera ya kwanza.* Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa nchini mwaka 2013, msingi wake ni kwamba majirani wajuane. Kundi lenu lifanye mambo manne: kila nyumba ijue nambari za simu za nyumba nyingine, mkubaliane ishara ya dharura, kama filimbi, mgeni anayepakia vyombo kwenye gari mchana aulizwe kwa adabu anahamisha kwa nani, na mlinzi wa usiku anayeajiriwa awe amesajiliwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016. Kumwuliza mtu kwa adabu si kumshuku. "Habari ya kazi, kaka? Mama mwenye nyumba yupo?" yatosha. Mwenye haki atajibu.

SEHEMU YA PILI: PIKIPIKI NA GARI

Pikipiki huibwa kwa njia chache zinazojirudia.

Ya kwanza ni ile ya kuegesha "dakika moja tu." Mwendeshaji anaingia dukani kununua maziwa, ufunguo ameuacha kwenye pikipiki. Funga usukani, chukua ufunguo, na ukiweza ongeza mnyororo au kufuli la gurudumu. Kufuli la gurudumu linakatika, lakini linachukua muda na kupiga kelele, na mwizi hapendi mambo hayo mawili.

Ya pili ni mteja wa usiku. Anakodi kutoka Mtwapa au Mariakani kwenda mahali pasipo na nyumba, na njiani anasema, "Simama hapa kidogo, namngoja mwenzangu." Waendeshaji, wekeni kanuni ya kijiwe: safari ya mbali usiku, mwenzako ajue unakwenda wapi na nambari ya simu ya mteja. Mpigie mwenzako mbele ya abiria: "Nampeleka jamaa hadi pale, nitakupigia nikifika." Abiria mwema hatachukia kusikia hivyo. Na akisema usimame mahali usipopataka, nenda hadi penye watu na taa.

Ya tatu ni soda au biskuti. Abiria mkarimu anakununulia kinywaji, unaamka hospitalini na pikipiki haipo. Usile wala kunywa kitu kilichofunguliwa na mtu usiyemjua, na usiendelee na kinywaji ulichokiacha ukaenda msalani.

Kwa gari, kanuni ni zilezile: usiache injini ikinguruma ukishuka kufungua geti, usiache mkoba kwenye kiti, na usiache nakala ya logibuku ndani. Kifaa cha kufuatilia chombo kwa simu husaidia, ila kifichwe mahali ambapo fundi wa kawaida hatakiona mara moja.

Kuhusu bima, wengi hujidanganya. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, humlipa aliyegongwa na chombo chako. Haikulipi wewe chombo kikiibwa. Kabla ya kusaini mkopo wa pikipiki, uliza waziwazi: "Ikiibwa kesho, deni linalipwa na nani?" Jibu uliombe kwa maandishi.

*Ukinunua iliyotumika.* Pikipiki inayouzwa kwa nusu ya bei huku muuzaji ana haraka ni swali linalotaka jibu. Fanya hivi:

- Linganisha nambari ya injini na ya chesi kwenye chombo na zile za kwenye logibuku. Chuma kilichokwaruzwa au kupigwa upya ni dalili mbaya.
- Omba kumbukumbu za chombo kutoka NTSA kupitia eCitizen kabla ya kulipa. Jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia.
- Andikeni mkataba, mlipane kwa njia inayoacha alama, na umiliki uhamishwe. Sheria ya Trafiki haimruhusu mnunuzi kuendesha chombo barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuziana bila kusajiliwa kwa jina lake.

Ushauri huu una uzito wa sheria. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Aliyeiba gari lenyewe, chini ya kifungu cha 278A, anaweza kufungwa hadi miaka 7. Tazama hesabu hiyo: mpokeaji anaweza kupata mara mbili ya mwizi. Sababu ni wazi, kwani pasipo mnunuzi, wizi hauna soko. Basi simu ya "elfu mbili tu, sina risiti" iache ilipo.

SEHEMU YA TATU: NYUMBA YA KUPANGA NA DIPOZITI

Vyuo vinapofunguliwa, na watalii wanapomiminika Desemba, nyumba hutafutwa kwa haraka. Haraka hiyo ndiyo shamba la tapeli. Soma mazungumzo haya, ambayo ni ya mfano, kisha ujiulize ungesimamia wapi:

— Habari, naulizia ile bedsita ya Kilifi mjini niliyoiona Facebook.
— Ipo, lakini watu wanaikimbilia. Tuma mia tano ya kuoneshwa nyumba.
— Naweza kuja leo?
— Leo niko Nairobi. Lakini ukituma dipoziti nakuwekea, nawaambia wengine imechukuliwa. Ufunguo utampata kwa msimamizi.
— Nitume kwa nambari gani?
— Hii hii. Jina litatokea tofauti, ni la mke wangu.

Katika mistari hii michache mna dalili tano: ada kabla ya kuona, haraka, mwenye nyumba asiyepatikana, ufunguo ulio kwa mtu asiyejulikana, na jina la mpokeaji lisilolingana. Moja ingetosha kukusimamisha.

Kuna utapeli mwingine ulio mgumu zaidi kuutambua, kwa sababu nyumba unaoneshwa kweli. Tapeli hukodi nyumba ya wageni kwa siku mbili au tatu. Akiwa na ufunguo mkononi, anaipokea foleni ya watafutaji nyumba, anachukua dipoziti kwa kila mmoja, na wote anawaambia wahamie tarehe moja. Siku hiyo familia tano zinakutana mlangoni na magodoro yao. Au mpangaji anayehama anajifanya mwenye nyumba, anachukua pesa zako, na anaondoka na zake na zako.

Kwa hivyo kuiona nyumba ni hatua ya kwanza tu. Hatua zilizobaki ni hizi:

1. *Waulize majirani bila kuandamana na wakala.* Rudi peke yako. "Samahani mama, nyumba hii ni ya nani? Kodi hulipwa wapi?" Jirani aliyekaa miaka miwili atakuambia katika dakika mbili lile ambalo wakala hatakuambia kamwe. Atakuambia pia kama maji yanatoka.

2. *Mtambue wakala.* Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inataka mawakala wawe wamesajiliwa na bodi yao. Omba jina lake kamili na nambari ya usajili, kisha uhakikishe kwa bodi yenyewe. Kadi aliyochapisha mwenyewe haitoshi.

3. *Tazama jina kabla ya kubonyeza.* M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Lisome. Jina hilo lilingane na la mkataba. Ni salama zaidi kulipa kwa akaunti ya benki au nambari ya Paybill ambayo wapangaji wengine wa jengo hilo wanaitumia. Waulize.

4. *Mkataba na risiti.* Viandikwe jina na nambari ya kitambulisho cha kila upande, nambari ya nyumba, kodi, kiasi cha dipoziti, na masharti ya kuirudisha. Piga picha hali ya nyumba siku ya kuingia. Picha hizo zitakutetea siku ya kutoka.

5. *Kwa mkataba mrefu au duka,* usione uzito kwenda ofisi ya usajili wa ardhi kuomba ukaguzi rasmi wa hatimiliki. Utajua ardhi ni ya nani kabla hujaweka kabati la kwanza.

Mwenye nyumba naye hutapeliwa. Kuna anayekutumia ujumbe wa uongo wa malipo, kisha anapiga simu akidai "nimezidisha, nirudishie elfu tatu." Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, hauji kwa nambari ya mtu. Angalia salio lako kwanza, na usirudishe chochote kabla. Ujumbe wa kitapeli kwenye laini ya Safaricom unaweza kuutuma bure kwa 333. Weka pia nakala ya kitambulisho cha kila mpangaji, ubadilishe vitasa kila chumba kinapopata mtu mpya, na uwaoneshe wapangaji wote msimamizi halali ni nani.

SEHEMU YA NNE: IKIWA IMETOKEA

*Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie.* Huenda mwizi bado yumo, na mtu aliyebanwa hujeruhi. Rudi nyuma, waite majirani, piga 999 au 112. Polisi wakifika, usiguse wala kufagia kabla hawajaona.

*Ripoti iandikwe.* Nenda kituo cha polisi, tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio, nawe upewe nambari ya OB. Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Nambari hiyo utaihitaji kwa bima, kwa mwenye mkopo na kwa ufuatiliaji. Peleka ile orodha uliyoiandika. Uliza jina la afisa aliyepewa faili lako. Mwenye habari ambaye anaogopa kutajwa anaweza kupiga simu bure kwa DCI, 0800 722 203.

*Ikiwa umemtumia tapeli pesa,* usipoteze saa nzima ukimpigia na kumbembeleza. Utume ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456 mara moja kuomba urejeshewe, kisha nenda polisi. Kama ameshazitoa, njia hiyo haitazirudisha, ndiyo maana kila dakika ina thamani. Hifadhi tangazo, mazungumzo na nambari zote. Usizifute kwa hasira. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni hadi miaka 3 gerezani. Na usione aibu kuripoti, maana ukinyamaza, kesho ataliwa mwingine.

*Mwizi akikamatwa na wananchi.* Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga, kumchoma moto, wala kumvua nguo. Anayeshiriki katika kuua mtu kwa tairi na mawe anakuwa mshtakiwa wa mauaji, hata kama aliyeuawa alikuwa mwizi kweli.

Na mara nyingine si mwizi. Ni kijana aliyebisha geti lisilo lake, au mgonjwa wa akili aliyepotea njia, au mtoto wa jirani aliyerudi usiku baada ya kukaa mbali miaka mitatu. Kelele ya "mwizi!" ikishapigwa, hakuna anayeuliza jina. Mali iliyoibwa hununuliwa tena, lakini uhai hauna duka. Kiongozi wa Nyumba Kumi, hapa ndipo unapohitajika zaidi. Simama katikati, mwite chifu au naibu wake, piga 999, na mtuhumiwa afike kituoni akiwa hai. Mfu hatasema alimuuzia nani pikipiki yako.

Ujue pia kwamba sheria inao ukali wa kutosha. Kuvunja nyumba mchana na kutenda kosa ni hadi miaka 7 gerezani, na usiku ni hadi miaka 10. Na "usiku" katika Kanuni ya Adhabu huanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu kumi, ni mlango upi au dirisha lipi lililo dhaifu kuliko yote? Mwenyewe anahitaji msaada gani kulirekebisha?
2. Ni taa zipi za barabarani zilizozimika? Nani atapeleka taarifa kwa msimamizi wa wadi, na lini?
3. Ndugu yako amepata chumba "cha bei nzuri" Malindi na anataka kutuma dipoziti leo. Utamuuliza maswali gani matatu?
4. Kijiwe chetu cha bodaboda kina kanuni gani ya safari za usiku? Kama haipo, tuiandike leo.
5. Kelele za "mwizi!" zikisikika usiku wa manane, nani kati yetu atapiga simu polisi, na nani atazuia watu wasipige?

KAZI YA WIKI HII

Kila nyumba ifanye mambo matatu kabla ya Jumapili: kagua mlango na madirisha, andika nambari za vitu vya thamani pamoja na IMEI za simu, na bisha kwa jirani mmoja ambaye humjui jina, mjuane. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa wa leo kwaweza kuanza kwa salamu tu: "Hodi, jirani. Mimi ni wa nyumba ya pili. Nimekuja tujuane."